Sauti ya Pili Peke Yake

Wateja wa duka lile la ushonaji hawakuwa na haja ya majina. Dada mkubwa alikuwa Fundi Mkubwa, mdogo wake alikuwa Fundi Mdogo, na mgeni alielekezwa hivi: mwenye mkasi ndiye mkubwa, mwenye cherehani ndiye mdogo. Fundi Mkubwa alipima, akachora kwa chaki, akakata. Fundi Mdogo alipokea vipande akavigeuza nguo. Hakuna aliyeingilia kazi ya mwenzake, maana mkubwa akikalia cherehani uzi unakatika kila dakika, na mdogo akishika mkasi suruali inatoka na mguu mmoja mfupi. Aliwahi kujaribu. Mwenye suruali anaishi mtaa huohuo, na mpaka leo hakosi kumkumbusha.

Walifanya kazi wakiimba nyimbo za kanisani. Fundi Mkubwa alianza na sauti ya kwanza, nyembamba na safi, na Fundi Mdogo akaingia chini yake na sauti ya pili huku mguu kwenye kanyagio ukishika mwendo. Katika chumba cha nyuma, ambacho mlango wake ulifungukia dukani, alilala mama yao ambaye miguu ilikuwa imemgomea. Kwa vile binti zake walikuwapo, Mama hakuwahi kuulizia redio.

Kwa asiyeijua, sauti ya pili si wimbo. Ni noti tatu nne zinazozungukazunguka palepale, na ukiisikia peke yake utadhani mtu anatafuta funguo alizopoteza. Lakini iondoe, uone wimbo unavyokonda. Fundi Mdogo alilijua hilo na alijisikia fahari, ingawa hakuna aliyewahi kutoka kanisani akisifia sauti ya pili.

Basi kanisa likagawanyika.

Ukitaka sababu kubwa, hakuna. Mchungaji mpya aliona watu wanaitazama kwaya badala ya kusikiliza neno, akaagiza kwaya ihamie nyuma. Mwalimu wa kwaya akajibu kwamba waimbaji si magunia ya kuwekwa stoo. Wangelala wakaamka, pengine yangeisha, lakini hawakulala. Sasa kwaya ile ilikaa pande mbili: sauti ya pili na ya tatu kushoto, karibu na Mwalimu ambaye mwenyewe alikuwa sauti ya tatu, na sauti ya kwanza na besi kulia. Minong'ono humfikia jirani wa kiti, haivuki njia ya katikati. Jumapili moja upande wa kushoto ukasimama na jamaa zao, ukatoka, ukaenda kusali katika darasa la shule ya jirani. Upande wa kulia ukabaki. Watu walisema ni mambo ya imani. Mimi nasema ni mambo ya viti.

Hata Mwalimu alimwacha kule fundi viatu, shemeji yake na besi kuu ya kwaya, wakawa wanapishana njiani kama watu waliodhulumiana shamba.

Kina dada nao waliachana mlangoni pa kanisa. Fundi Mkubwa alisema, "Haya, nenda na Mwalimu wako." Fundi Mdogo akamjibu, "Na wewe baki na mchungaji wako." Wakapeana visogo.

Jumapili ya kwanza darasani, Mwalimu alitoa sauti, akainua mikono, na watu wakafungua vinywa kwa nguvu zote za kuonyesha kwamba hawajutii. Wote waliimba sauti ya pili na ya tatu. Wimbo waliujua, bila shaka, wameusikia tangu utotoni, lakini kila aliyejitia kuimba sauti ya kwanza alifika mstari wa pili koo likamteleza kurudi kulikozoea. Mwalimu aliwasimamisha, wakaanza upya, wakateleza tena. Mwishowe alisema Mungu anatazama moyo, wakaendelea na sala.

Dukani ndiko kulikokuwa kugumu. Wasingeweza kuacha kufanya kazi pamoja, mmoja ana mkasi na mwingine ana cherehani, hivyo wakawa wanaongea kupitia wateja. "Mwambie fundi wako aanzie kwenye kola," Fundi Mkubwa alisema, na mteja akageuka kumweleza mtu ambaye goti lake lilikuwa linamgusa. Mama mmoja aliyeleta gauni aliuliza kwa huruma ni yupi kati yao asiyesikia.

Lakini kuna jambo walikubaliana bila kuambizana: Mama asijue. Jumapili walitoka mlango mmoja, wamevaa vizuri, wakaenda bega kwa bega mpaka kwenye kona. Hapo mmoja alikata kulia na mwingine kushoto. Wakati wa kurudi, aliyetangulia kufika alisimama palepale kwenye kona kumngoja mwenzake ili waingie nyumbani pamoja. Hawakusalimiana. Yule aliyekuwa akingoja alimwona mwenzake anakuja, akageuka, wakaongozana. Mama alipouliza neno lililosomwa, jibu lao lilikuwa moja, kwa sababu kanisani na darasani bado walifuata kalenda ileile ya masomo. Katika kugawana vitu hakuna aliyekumbuka kuigombea kalenda. Na Mama alipouliza mbona siku hizi hawaimbi, walisema koo linamsumbua Dada.

Fundi Mdogo alikuwa na hamu na dada yake, tena kubwa. Kumwona kila siku ndiko kulikomuumiza. Kuna saa alikanyaga cherehani akasikia kabisa mahali ambapo sauti ya kwanza ingeingia, akangoja, kikapita kitambaa tu. Alitaka kusema neno lakini hakutaka kuwa wa kwanza, na alijijua kwamba anajidanganya anaposema ni suala la haki.

Ikaja Jumapili ambayo kalenda ilileta waraka kwa Wakorintho. Darasani Mwalimu alisoma mwenyewe, kwa mkazo, jinsi Paulo alivyosikia kwamba kuna magombano kati yao, huyu akisema yeye ni wa Paulo, yule ni wa Apolo. Akatazama dirishani, upande lilipo kanisa, na watu wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Kule kanisani, kama ilivyojulikana baadaye, mchungaji alisoma mistari ileile na watu wakatazama upande wa shuleni. Kila mmoja alisikiliza kwa niaba ya mwenzake.

Fundi Mdogo naye alitikisa kichwa. Halafu Mwalimu akafika pale Paulo anapouliza kama Kristo amegawanyika, na kama ni yeye Paulo aliyesulubiwa kwa ajili yao. Kichwa cha Fundi Mdogo kikasimama katikati ya kutikisika. Alikumbuka mlango wa kanisa, na yale maneno mawili, Mwalimu wako, mchungaji wako. Alimtazama Mwalimu pale mbele na suti yake ambayo yeye mwenyewe alimshonea, mtu mwema mwenye hasira za karibu, akajiuliza huyu alimfia nani. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka.

Kwenye kona alimkuta Dada amekwisha kufika. Alikuwa ameinamisha uso, anachezea mkanda wa mkoba. Wakaongozana kama kawaida.

Mama alikuwa ameegemea mto. "Leo limesomwa neno gani?" aliuliza.

Kina dada wakategeana. Fundi Mkubwa alikwenda kunyoosha pazia ambalo halikuwa na shida yoyote. Fundi Mdogo akasema ni Wakorintho, pale Paulo anapowauliza kama Kristo amegawanyika.

"Wakamjibu nini?"

"Majibu yao hayakuandikwa, Mama."

"Ndiyo maana nawauliza nyinyi," Mama alisema.

Hapo ndipo ilipobainika kwamba Mama alijua, na alijua siku nyingi. Aliwaeleza kwa utulivu kwamba mtu aliyelala huona viatu vya watu kuliko nyuso zao, na kwamba mmoja wao alikuwa akirudi na vumbi jekundu la uwanja wa shule na mwingine viatu safi. Mara ya kwanza alidhani Fundi Mdogo amepata mchumba. Alipoona amekosea, alisikitika mara mbili. Na koo gani hilo la Dada, aliuliza, linaloumwa miezi na miezi lakini likigombana na wauza vitambaa linapona?

Mama hakuwakaripia. Alisema tu kwamba yeye hakutoka na wala hakubaki, alikuwa kitandani, na hakuna aliyekuja kumuuliza yuko upande gani. Kwa hiyo kanisa lake bado ni zima, na angependa liimbe. Akataja wimbo, ule walioimba zaidi ya nyimbo zote, kisha akafumba macho akangoja.

Fundi Mkubwa alikuwa bado ameshika pazia. Fundi Mdogo alingoja aanze, kwa sababu sauti ya kwanza ndiyo huanza, imekuwa hivyo maisha yao yote. Dada hakuanza. Mama aliendelea kungoja. Basi Fundi Mdogo akapiga moyo konde, akaanza yeye na kile alichokuwa nacho, zile noti tatu nne zinazozungukazunguka. Aliimba ubeti mzima sauti ya pili peke yake, bila mwenzake, na katika chumba kile kidogo hapakuwa na pa kujificha.

Mama akafumbua jicho moja. "Huo wimbo siujui," alisema.

Pazia likaanza kutikisika. Fundi Mkubwa alikuwa anacheka, akijaribu kujizuia, na kicheko kilipomshinda kikatoka na machozi. Akaja akaketi ukingoni mwa kitanda karibu na mdogo wake, akajifuta kwa upande wa kanga.

"Nisamehe, mdogo wangu," alisema. "Hata sisi kule tunaimba wimbo una shimo katikati."

"Nisamehe na mimi, Dada. Sikuwa wa Mwalimu."

"Najua. Anza tena."

"Anza wewe."

Akaanza. Fundi Mdogo aliingia chini yake mahali palepale alipozoea kuingia, na furaha aliyoisikia ilikuwa kubwa mpaka akakosea maneno ya ubeti wa pili. Mama alifumba macho yote mawili.

Jumapili zilizofuata waliendelea kuachana kwenye kona, maana kanisa haliunganishwi na watu wawili waliokaa ukingoni mwa kitanda. Ila sasa waliagana, na aliyefika kwanza alimpungia mwenzake mkono tangu mbali. Darasani Mwalimu alimwomba Fundi Mdogo ajifunze sauti ya kwanza ili awaongoze wenzake. Alikataa kwa heshima. Alimwambia sauti ya kwanza ipo, haijafa, wameiacha kule kanisani. Mwalimu alinuna.

Siku moja ya kazi Mwalimu alikuja dukani kuchukua suruali yake. Kina dada walikuwa wanaimba, mmoja anakata, mwingine anakanyaga, nao hawakukatiza wimbo kwa ajili ya mteja, walimwonyesha tu kwa kidole suruali ilipotundikwa. Aliichukua, akaikunja, akaiweka mkononi. Badala ya kuondoka alibaki mlangoni akitazama barabara. Walipofika kwenye kiitikio sauti ya tatu ikamtoka, kwanza kwa chini, kisha kwa sauti yake yote ile ambayo mtaa mzima uliijua. Waliimba watatu mpaka mwisho, Fundi Mdogo hajainua macho kwenye pindo, kwa kuogopa kwamba akimtazama Mwalimu ataacha.

Wimbo ukaisha. Kutoka chumba cha nyuma Mama akauliza, bila kuinua sauti, "Na besi je?"

Mwalimu alitazama suruali mkononi mwake. Akairudisha palepale ilipokuwa imetundikwa, akasema ataifuata baadaye, akatoka kuelekea kibandani kwa fundi viatu.