Picha ya Marehemu Kwenye Mkanda wa Harusi

Mwandiko wangu ukiwatatiza, someni polepole kama mimi ninavyoandika, na herufi nilizokosea mnivumilie. Shule niliishia darasa la saba.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye studio ya video mtaa wa Soweto, mjini Moshi, chumba kimoja na kompyuta moja. Mama mjane kutoka Machame alileta mkanda wa harusi ya binti yake. Kwa kuwa baba wa binti alishafariki, bibi, mama mzazi wa marehemu, alitangulia msafara akiwa amebeba picha ya mwanawe kwenye fremu ya kioo. Jani la isale lilifungwa kwenye kona, likaning'inia juu ya kioo. Jua lilikipiga kioo kile. Kwenye mkanda baba hakuonekana, ulionekana weupe mtupu.

“Mwanangu, naomba aonekane,” mama alisema, akaniachia picha nyingine ya marehemu. “Jumapili nitakuja na bibi. Macho yake yanaisha, anataka kumwona mwanawe akimsindikiza mjukuu.”

Niliitikia kwa sababu naona haya kukataa.

Kazi ilikuwa kuibandika picha juu ya ule weupe, kisha kuiambia programu iifuate fremu. Unachagua alama moja, programu inaifuata. Nilichagua ncha ya isale, maana kijani kilionekana vizuri. Kumbe upepo ulikuwa unaitikisa, na marehemu akawa anatikisa kichwa kama mlevi. Nikahamia kona ya mbao ya fremu. Ikaenda vizuri mpaka shangazi mmoja alipokatiza mbele ya kamera akipiga vigelegele. Programu ikakamata ua la kilemba chake, ikaondoka nalo.

Mwenye studio alicheka. “Dogo, marehemu amehama na shangazi.”

“Kaka, usicheke. Jumapili ni keshokutwa.”

“Basi mrudishe kwa mkono.”

Pale shangazi alipokatiza niliisogeza sura yake mwenyewe, picha moja moja ya mkanda, nikikisia kona kwa kutazama bega la bibi. Kila nikisogeza kidogo nilihifadhi, nikiogopa umeme usikatike.

Jumapili walikuja baada ya ibada.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba.”

Alisogeza kigoda mpaka pua ikakaribia kugusa kioo cha kompyuta. Marehemu akapita, ametulia kwenye fremu kifuani pa bibi. Mama alijifuta macho kwa kanga. Bibi akauliza, “Isale liko wapi?”

Nilikuwa nimelifunika. Picha niliyobandika ilikuwa juu ya kila kitu.

“Ndugu za mwanangu walikuwa hawasemezani naye mpaka anakufa,” alisema. “Asubuhi ile ya harusi ndiyo walilileta kumwomba radhi, kama desturi yetu Wachaga. Wakitazama wasilione, watasema nimelitupa.”

“Nitalirudisha, bibi.”

“Fanya haraka, mwanangu. Macho hayanisubiri.”

Nilianza upya, nikilichonga jani lile kwenye mkanda na kulirudisha juu ya sura, picha moja moja, nalo linacheza na upepo, kidole kikikosea naharibu ukingo wake. Bibi aliporudi alilifuata kwa kidole chake kwenye kioo. Shangazi alipokatiza, jani liliruka kidogo. Kidole cha bibi kikasimama, kisha kikaendelea. Mpaka leo sijui kama hakuona au alinihurumia.

Wewe unayejua namna ya kukifuata kitu kinapopotea nyuma ya mtu, niandikie unifundishe. Hata mwandiko wako uwe kama wangu, nitausoma.