Kisima cha Shangazi Kilipogeuka Chumvi

Mwaka wa 2009, nikiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, ndipo tabu iliponianza, na niliileta kwa mkono wangu mwenyewe. Siandiki haya nihurumiwe. Shule niliacha darasa la pili. Nikabeba magunia Makupa mpaka bega likaota sugu, kisha nikanunua mkokoteni wa kuuzia maji. Hakunishika mkono mtu ila shangazi yangu, dadake baba, aliyenilea nyumbani kwake Kuze, hapa kisiwani, tangu mamangu alipofariki.

Uani mwa nyumba ile mna kisima, na maji yake yalikuwa matamu. Mtu wa bara haelewi neno hilo mpaka aje akae kisiwani. Visima vingi hapa ni vya kuoshea sakafu tu. Cha shangazi kilinywewa. Jirani akija haulizwi pesa. Hupewa ndoo mbili na kuulizwa hali ya watoto. Lakini adhuhuri ikiadhiniwa, shangazi huivuta kamba, akaikunja, akaitia chini ya kitanda chake mpaka alfajiri. Aje nani, hapati.

"Kisima kimelala," husema. "Nawe kalale."

Mwaka huo mvua ilikosa na mifereji ya mji ikakauka. Watu wakapanga mitungi kichochoroni kutwa nzima. Mimi nikaona riziki imenifuata nyumbani. Nikaleta pampu.

Shangazi aliitazama akiwa amekaa kibaoni. "Hiyo yafanya nini?"

"Yavuta maji, shangazi. Kamba huna haja nayo tena."

"Na yalala saa ngapi?"

Nikacheka. Nikamwambia mambo ya kulaza kisima ni ya watu wasiokuwa na mashine. Mimi, niliyeshindwa na darasa la pili, nikamsomesha mwanamke aliyekinywa kisima kile tangu utoto wake.

Pampu ikanguruma tangu alfajiri hadi isha. Mwezi wa pili wa pampu shangazi alikinga maji kiganjani, akaonja, akatema.

"Bahari imeingia."

"Ni kutu ya bomba tu."

"Basi onja."

Sikuonja, kwa sababu nilikuwa nimeshaonja asubuhi ile, peke yangu. Maji matamu yamekaa juu ya maji ya bahari. Ukiyavuta upesi kuliko yanavyorudi, ya chini hupanda. Nami nikaendelea kuvuta na kuuza.

Siku ya tatu akaja jirani wa nyumba ya nyuma, mama mwenye ulimi, kashika sufuria. Chai yake ya maziwa imekatika mabonge mabonge. "Bwana wee, leo umetuuzia mchuzi? Si ungetia na ndimu!" Wanawake wote wa foleni wakacheka. Hapo ndipo nilipozima. Nilikuwa nimeshachelewa.

Shangazi alikuwa na wasia mmoja, na aliusema tangu mimi kijana: akifa aoshwe kwa maji ya kisima chake. Baada ya pampu hakuusema tena. Afadhali angenitukana.

Alifariki mwaka uliofuata. Nilichota mwenyewe, ndoo kwa ndoo, nikaziweka mlangoni pa chumba. Sheria haikatazi maji ya chumvi, najua. Lakini baada ya muda muosha aliita kutoka ndani, "Baba, sabuni haitoi povu. Nywele zimegandana. Hamna maji mengine?"

Muuza maji mzima, nikasimama ukumbini sina hata mtungi mmoja. Mifereji mikavu. Yule jirani wa sufuria akatoka, akarudi na ndoo mbili. Maji ya mvua, aliyoyakinga kwa mlizamu wa paa lake na kuyafunika miezi yote ile.

Nikaanza kumshukuru. "Sikupi wewe," akasema. "Nampa yeye."

Nikakaa barazani, nikasikia shangazi akimiminiwa maji yasiyokuwa yake.

Tangu hapo natia udhu kwa kopo moja, mfereji sifungulii. Maji ya kufulia humwagwa chooni, hayapotezwi. Nimetia mlizamu paa langu, na vijana wa kichochoro wakioa huwaambia watie mlizamu kabla ya kununua kitanda. Hunicheka, lakini wengine wametia. Kisima nimekilaza miaka yote hii, usiku na mchana. Kila mwezi naonja. Bado.

Leo nina nyumba ya shangazi, aliyoniachia kwa maandishi. Nina mikokoteni mitatu. Nina matangi mawili ya mvua, moja la saruji, moja la plastiki. Nina mapipa manne na mitungi arubaini. Nina kisima kimoja, cha chumvi.