Dakika Arobaini za Mama Kibii

Jepkemei hajawahi kupitwa njiani na mtu anayetembea kwa miguu, na jambo hilo halifichi. Ana miaka arobaini na tisa na watoto wanne, na majirani humwita Mama Kibii. Kazi yake ni kufunga maua katika shamba moja kubwa bondeni Subukia, na kwake ni juu ukingoni, kilometa sita za barabara ya vumbi isiyopandwa na matatu yoyote. Hutoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, ndara miguuni na gambuti mkobani. Kila siku humpita jirani yake Wariara kwenye mibuni iliyo karibu na geti la shamba. "Mama Cate, songa, jua litakupata hapo!" humpigia kelele, na kufumba na kufumbua ameshapotea.

Watu wa ukingoni wana tabia moja. Ukiwauliza mahali fulani ni umbali gani, hutokeza kidevu mbele na kukuambia ni hapo tu. Hapo tu inaweza kuwa nyumba ya pili au kilima cha tatu, utajua mwenyewe ukifika. Kusema mbali ni kulalamika, na wao afadhali wachubuke miguu kuliko kulalamika mbele ya mgeni.

Kwa hiyo Maxwel, karani wa ofisi ya wafanyakazi, alipoingia banda la kupakia maua na fomu zake akiuliza kila mtu huchukua dakika ngapi kufika kazini, alikuwa ameshapotea kabla ya kushika kalamu. Wala hakueleza fomu zenyewe ni za nini. Jepkemei alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

"Dakika arobaini," alisema kwa sauti iliyofika hadi chumba cha baridi.

Uongo mtupu. Hata siku ya kukimbizwa na mvua yeye huchukua hamsini. Lakini arobaini ilitamkika vizuri, na wenzake saba wa ukingoni waliomfuata hawakutaka kuonekana wavivu. Mmoja akasema arobaini na tano, mwingine arobaini. Kiptanui, fundi wa mabomba ya maji, akathubutu kusema thelathini na tano mpaka Jepkemei akamkata jicho. Wariara alikuwa wa mwisho. "Andika tu kama Mama Kibii," alisema kwa upole.

Wiki iliyofuata tangazo likabandikwa ukutani. Shamba limekodi basi la wafanyakazi. Watabebwa wale wanaotembea zaidi ya saa moja, na basi litaenda tu mahali penye watu wasiopungua wanane. Watu wa upande wa Bahati, ambao hawana haya ya kusema mbali ni mbali, walipewa basi. Ukingoni, patupu.

Jepkemei alicheka. Basi la nini, na miguu ipo? Alikuwa bado anacheka alipomwona Wariara amesimama mbele ya lile tangazo, mkono mmoja ukilisugua goti. Wariara ana miaka hamsini na sita, na goti lake la kulia, bovu kwa miaka mingi, lilikuwa limevimba zaidi tangu msimu wa kupanda. Mwezi huo alikuwa amechelewa mara mbili na kupewa barua mbili za onyo. Barua ya tatu ni ya kumwachisha kazi.

"Si ungesema ukweli, Mama Cate?"

"Niseme natembea masaa mbili? Wangeuliza kama bado niko na nguvu ya kazi."

"Masaa mbili? Na mimi hukupata hapo kwa kahawa kila asubuhi?"

"Unanipata hapo," Wariara akasema. "Lakini mimi hutoka saa kumi na moja."

Miaka sita Jepkemei alikuwa akidhani wanatoka nyumbani wakati mmoja, ila mwenzake anajikokota. Alikumbuka kelele zote alizompigia pale kwenye mibuni na kuona aibu, ile aibu ya kweli inayochoma masikio. Lakini yeye si mtu wa kukaa na aibu kutwa nzima. Akavua aproni, akaenda ofisini.

"Boss, futa ile arobaini yangu."

"Mathe, form zilienda," Maxwel akasema, akimwita mama kwa lugha ya vijana wa mjini. "Na mimi nakuonanga ukiingia hapa hata jasho huna. Nitaambia manager nini?"

"Mwambie nilikudanganya. Sisi wote wa juu tulikudanganya, na ni mimi niliwaanzishia. Kama huniamini, leo twende na sisi mpaka nyumbani. Washa saa ya simu yako hapo geti."

Maxwel alivitazama viatu vyake, viatu vya mtu wa Nakuru mjini. Lakini alikuwa mtu wa haki, akakubali.

Waliondoka saa kumi jioni. Mwanzoni miguu ya Jepkemei ilijiendea yenyewe kama kawaida, Maxwel akihema nyuma yake. Walipofika kona ya kwanza Jepkemei aligeuka. Wariara alikuwa mbali kule chini, akipanda huku anauburuta mguu mmoja.

"Hivi tutafika hata kabla ya saa moja kuisha," Maxwel alisema akitazama simu.

Hapo ndipo Jepkemei aliposimama. Alimngoja Wariara, akampokonya mkoba, akaanza kupanda kwa mwendo wa Wariara. Haikuwa rahisi. Miguu ilimwasha kwa hamu ya kwenda. Wale wengine sita, waliochelewa kutoka getini, wakawafikia, wakasita. Hakuna aliyewahi kumpita Jepkemei, na hakuna aliyetaka kuijaribu bahati yake siku hiyo. Wakapunguza mwendo wote, wakaijaza barabara kama watu wanaosindikiza jeneza. Kiptanui alinyoosha shingo mara mbili, na mara mbili akatazamwa.

"Lakini Mathe, wewe unaweza enda haraka," Maxwel alisema.

"Naweza. Yeye hawezi. Na tunatoka pahali pamoja, tunaenda pahali pamoja. Mimi simpiti tena."

Walipofika kwa Wariara, Maxwel aliketi kwenye nyasi akavua viatu. "Masaa mbili na dakika kumi," alisema. "Hiyo nitaandika. Lakini ni watu wanane, Mathe. Ukirudi kutembea, watabaki saba, na basi haitakuja."

Jepkemei aliitazama barabara waliyotoka. Mwendo wa asubuhi ulikuwa saa yake peke yake, isiyo na sufuria, mtoto wala msimamizi. Kuiacha kulimuuma kuliko alivyotarajia.

"Niandike," alisema.

Jumatatu basi lilipanda ukingoni likapakia watu wanane. Jepkemei alikaa dirishani, amenuna kidogo, akiitazama barabara yake ikipita bila yeye. Wariara, kando yake, alishalala kabla ya kona ya pili. Walipofika getini ilikuwa saa moja kasoro dakika ishirini. Jepkemei alimtikisa bega.

"Mama Cate, tumefika."

Wariara alifungua macho, lakini hakuinuka mara moja.

"Leo Cate ameamka akanipata kwa nyumba," alisema. "Msichana wa form two, na hajawahi kuamka siku ya kazi akanipata. Akaanza kulia. Akaniuliza kama nimefutwa kazi."