Mbuzi ya Nazi ya Bi Zuhura

Siku moja naikumbuka, mwanangu, na hata leo hunitia haya. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, najiona nimeshajua kila kitu.

Nyumba kongwe ya mtaa wetu wa Lamu ilikuwa tupu miaka mingi. Wazee wakaafikiana igeuzwe: vyumba vya juu viwe makumbusho ya watu wa hapa, na uwanda wa ndani uwe jukwaa la maigizo. Mimi, kwa kuwa hati yangu ilisomeka, nikapewa daftari niandike vitu wanavyoleta watu. Zikaja sahani za kaure, mikufu ya fedha, viti vya enzi. Nikaota mapembe, utadhani ni mali ya baba yangu.

Asubuhi hiyo akaja Bi Zuhura, mjane wa mtaa wa Wiyoni, amebeba mbuzi ya kukunia nazi, meno yake yameliwa na kutu.

"Bibi yangu akiikalia humu," akasema. "Alikuwa mtumwa wa nyumba hii."

Nikacheka, Mungu anisamehe. "Bi, hapa twaweka vitu vya fahari. Hii rudi nayo jikoni kwako."

Aliifunika kwa ncha ya leso, akaondoka. Ulimi hauna mfupa, mwanangu, lakini huumiza.

Fundi wetu, Bwana Shee, alikuwa juu akipiga chokaa. Akateremka pole pole, maana goti lilimsumbua, akakibandika kiganja changu ukutani.

"Kuta hizi alizijenga nani? Mwenye viti vya enzi alibeba jiwe?" Akauachia mkono wangu. "Ukimtoa bibi yake Zuhura, hii si nyumba ya nti hii tena, si ya watu wa hapa. Ni duka la vyombo. Haya, shika ndia umfuate."

Nilikwenda Wiyoni jua la saa saba likiniwakia utosini. Bi Zuhura aliniacha nisimame mlangoni, na nilistahili.

"Bi, nimekosa," nikasema.

Akajibu, "Sikupi wewe. Nitaileta mwenyewe, na nitasema mwenyewe."

Siku ya kufungua ukumbi, baada ya sala ya alasiri, alipanda jukwaani, akaikalia ile mbuzi, akakuna nazi mbele ya watu huku akimtaja bibi yake, Faida, na watoto watatu wa huyo bibi waliouzwa. Baadhi ya watu wa ukoo uliokuwa ukiimiliki nyumba hiyo waliinuka wakatoka. Mkubwa wao alibaki. Mwisho akamwendea, akasema, "Bi Zuhura, nitajie tena majina ya wale watoto." Kisha akanigeukia mimi: "Andika."

Leo nyumba hiyo mwaishika nyinyi, wewe na wenzako. Ongezeni taa, ongezeni viti. Lakini mtu akija na kitu mnachokiona duni, mkaribisheni aketi, mumsikilize, ndipo muamue. Hadithi yake ikiuma, msiifiche. Mficha uchi hazai. Na mkikosa, nendeni wenyewe mkaombe radhi, msitume mtu.

Mola awape masikio ya kusikia na vifua vya kustahimili mtakayoyasikia, na awarehemu waliotajwa na wasiotajwa. Amin.