Nyongeza ya Pikipiki

Usiponiamini muulize mke wangu, Mama Simiyu, ingawa hatakujibu. Jambo hili lilitupata sisi wenyewe, miaka ya tisini, mchana mweupe. Na mimi si mtu wa kuona vivuli. Kitu nakihesabu mara mbili kabla sijasema kipo.

Tulikuwa tunakaa Mukuru. Nikasikia kuna mzee Majengo anauza pikipiki kubwa ya safari ndefu, imesimama juu kama ngamia. Nikaenda Alhamisi. Kwenye tangi mzee alikuwa amechora kwa mkono wake barabara ya mlimani, ile inayoteremka kona baada ya kona hadi Bonde la Ufa.

"Hii barabara niliipenda kuliko watu," akaniambia, akikohoa. Kikohozi chake kilianza na mluzi mwembamba, kisha kikapasuka.

Tulivutana bei mpaka chai ikapoa. Akakubali. Lakini wewe unajua sokoni kwetu: bila nyongeza, biashara haijaisha. Hata sukuma wiki huongezewa jani.

"Sasa mzee wangu, na nyongeza?"

"Sina kitu, kijana. Labda uniongeze mimi mwenyewe."

"Haya basi, panda!" nikacheka.

Yeye hakucheka. Alinishika mkono akasema, "Umesema wewe."

Jumamosi asubuhi nikampakia Mama Simiyu, twende kwao Bungoma. Kwenye zile kona tukakuta ukungu. Pikipiki ikaanza kulemea nyuma, kama imebeba gunia la mahindi. Mama Simiyu akanigonga bega.

"Baba Simiyu, mwambie huyu asinilalie mgongoni. Ana baridi!"

"Nani?"

"Si huyu uliyempakia nyuma yangu!"

Nikasimama, nikageuka. Nikahesabu abiria: mmoja. Nikahesabu tena: mmoja. Ndipo nikausikia, nyuma ya mke wangu, ule mluzi mwembamba, halafu kikohozi. Mwenye kukohoa hakuwepo, niamini.

Mama Simiyu aliruka chini akateremka mlima mzima kwa miguu, mimi nyuma yake na gia ya kwanza, nikimbembeleza kama mchumba. Hakupanda tena; safari iliyobaki aliimaliza kwa basi.

Tuliporudi nilikwenda Majengo. Jirani yake akanishangaa. Mzee alikufa usiku uleule wa Alhamisi, wakamzika Ijumaa. Sasa niambie, Jumamosi tulimbeba nani?

Pikipiki niliiuza kwa bei ya kwanza niliyotajiwa, mara ya pekee maishani mwangu. Mnunuzi alipofungua mdomo kuomba nyongeza, nilikuwa nimeshavuka barabara.

Wewe unayenunua vitu vya watu, bishana bei utakavyo. Lakini mwenye kitu akikutania kuhusu nafsi yake, usimjibu. Nyamaza, lipa, nenda. Mimi nilijibu, na anayelipa ni mke wangu. Kanisani hukaa benchi la mwisho, mgongo ukutani, asipate mtu wa kukaa nyuma yake. Na hata hapo, nimemwona mara nyingi, husogea mbele kidogo, kama anayempisha mtu.