Hadithi ya Mchana

Siku moja kabla sijaondoka kwenda kulinda amani Kongo, tulikuwa nyuma ya nyumba yetu, kijijini Ulemo, tunapiga alizeti kwa fimbo. Nikaanza kumsimulia mdogo wangu hadithi ya fisi ili kazi isonge. Bibi akanikatiza: "Hadithi ya mchana hupoteza mtu njiani!" Nikacheka, nikanyamaza. Kwa bibi yangu hubishani.

Kambini nilimkuta Zainabu, askari mwenzangu, binti wa wauza vitenge wa Singida mjini. Loo, yule dada alikuwa na mdomo! Alikuja na riwaya ya mapenzi isiyo na hata jalada, na kila tukirudi doria mchana alituketisha kwenye mifuko ya mchanga akatusomea kwa sauti. Mimi wakati ule nilikuwa nimekaza mabega kutwa, usingizi wa kuruka ruka. Akishasoma kidogo tu, naona mikono inalegea na nasikia njaa kama watu wengine. Hakuna dawa niliyopewa iliyonipumzisha vile.

Nilimweleza onyo la bibi.

"Bibi yako alitaka mkalime tu," akasema. "Na nyie Wanyiramba mkamwamini!"

Wanawake wa kijiji cha jirani waliotuuzia ndizi walisogea kwenye seng'enge kusikiliza. Aliyenogewa zaidi ni Mama Furaha. Kabla hata ya kutua beseni alikuwa anauliza, kwa Kiswahili chao cha Kongo, habari za mume wa kwenye kitabu aliyeondoka nyumbani: "Ule bwana, alisharudia?"

"Bado, mama. Vuta subira."

Kisha ikaja siku Mama Furaha hakutokea. Hakutokea mtu. Hata mbuzi hawakuwepo barabarani.

"Afadhali leo kimya," akasema mmoja wetu. "Tutasoma vizuri."

Zainabu akaanza kusoma. Mimi masikio yalikuwa barabarani.

"Zai, watu wako wapi?"

Akainua macho, akatazama kule. Akakunja pembe ya ukurasa.

"Shika bunduki," akasema.

Kombora la kwanza liliangukia jiko.

La pili sikulisikia.

Nilipozinduka nilimkuta Zainabu amelalia ubavu. Nikamwita. Nikamwita tena.

Baadaye tulijua kijiji kilikuwa kimetishwa na waasi, kwamba atakayefungua mdomo atachinjwa. Simlaumu Mama Furaha. Hasira ninayo, lakini si kwake.

Kitabu nilirudi nacho, nikakifungia sandukuni kwa miaka. Nilijaribu vitabu vingine, vikanishinda. Kila nikisoma nasikia maneno ya bibi, nafunga kitabu.

Mwaka huu nikajikaza, nikaenda dukani kwa mama yake Zainabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nikampa kitabu. Akapapasa ile pembe iliyokunjwa.

"Aliishia hapa?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nisomee."

Jua lilikuwa la utosi. Nikamweleza alichosema bibi, machozi yakinitoka mbele ya wateja.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu hakupotea njiani," akasema. "Nilimpokea hapa hapa mlangoni, ndani ya sanduku. Soma."

Nikainyoosha ile pembe, nikasoma kwa sauti. Mistari michache tu chini ya pale Zainabu alipoachia, mume alikuwa mlangoni anapiga hodi.