Gharika ya Msumeno

Mume wangu Mahadhi alikuwa fundi wa redio pale Shella, Malindi, na kama angebaki na redio tu mimi ningekuwa mwanamke mwenye raha zake. Lakini jioni alipiga gitaa katika bendi ya hoteli, akiwachezesha watalii waliokwisha kuiva jua, na huko ndiko alikoiokota balaa. Mjerumani mmoja aitwaye Dieter alimpa kaseti ya muziki wa metali, ule wa mbio, unaopigwa kana kwamba wapigaji wote wanafukuzwa na nyuki. Ilikuwa mwaka wa themanini na sita. Mahadhi aliisikiliza mpaka mwisho, akala chakula kilichokwisha kupoa bila kulalamika. Nikajua nimepata mke mwenza.

Haukupita mwezi akaunda bendi ndani ya bendi. Aliwatwaa Tsuma, Mgiriama wa Dabaso aliyekuwa mpiga ngoma pale hotelini, na Kalama wa besi. Wakajiita Msumeno, na wallahi jina liliwafaa, maana ukiwasikiliza unaona meno yako yenyewe yanakatwa. Watu wenye akili wangeanza na wimbo mmoja. Hawa walitaka albamu nzima, nyimbo nane, zote kisa kimoja cha gharika ya Nabii Nuhu, tangu wingu la kwanza hadi safina kutua. Wimbo wa nne peke yake ulikuwa wa dakika kumi na nne na ulibadilika mwendo mara kumi na tisa. Nyimbo za wanadamu huhesabiwa nne nne. Huu ulihesabiwa saba, ukaenda tano, ukarudi saba. Nilimuuliza kwa nini wanajitesa.

"Maji hayaji kwa nne," akanijibu.

Nikamwacha. Mtu akifika hapo hana tena la kuambiwa.

Yote hayo tulimficha mama mkwe wangu, Bi Harusi, niliyekuwa naishi naye nyumba moja. Gitaa la Mahadhi lililala Dabaso, mvunguni mwa kitanda cha Tsuma. Na sababu ilikuwa Gharib.

Gharib ni kaka mkubwa wa Mahadhi, na ndiye aliyemfundisha gitaa. Mwaka wa themanini na tatu Bi Harusi aliona mwanawe huyo wa kwanza anapotea na muziki, basi siku moja asubuhi akalipasua gitaa lake kwa shoka, akalitia jikoni, akapikia wali. Gharib aliula wali ule, akanawa mikono, akasema ahsante mama. Mwezi haukwisha akaenda Jidda kuwa dereva wa bwana mmoja, na tangu siku hiyo hakutuma neno. Mahujaji waliorudi walisema yuko salama, tena amenenepa. Bi Harusi hakuwa na haja na habari za unene. Alitaka kusikia sauti yake.

Siku zile wenye jamaa Arabuni hawakusumbuka na kalamu. Walisema ndani ya kaseti, wakampa msafiri aipeleke, na jamaa huko naye akasema ndani ya yake akairudisha. Nusu ya mtaa walikuja kwetu kurekodi, kwa kuwa redio ya Mahadhi ilinasa sauti vizuri. Bi Harusi alirekodi kila baada ya miezi mitatu. Alijifunika vizuri, akakaa mbele ya redio kama aliye mbele ya kadhi, akasalimia, akataja waliooa, waliozaa, waliokufa, na mguu wake. Habari ya gitaa hakuigusa hata siku moja. Kisha anangoja. Miaka minne, jibu hakuna. Nilikuwa namwonea huruma na nilikuwa namkasirikia vilevile, kwa sababu lilikuwa neno moja tu, nisamehe, na halikumtoka.

Basi mwaka wa themanini na saba Dieter alirudi. Akamwambia Mahadhi ana rafiki zake kwao wenye kutoa sahani za santuri za muziki huo huo, wampe kaseti awapelekee. Mahadhi alichachawa. Meneja wa hoteli alikwenda Mombasa siku nne, na kila siku baada ya chakula cha mchana, watalii wakiwa pwani, Msumeno walijifungia ukumbini kurekodi. Siku ya nne wakaimaliza Gharika yote. Meneja akarudi saa moja kabla ya kutarajiwa, akasimama mlangoni na mkoba wake, akasikiliza kidogo, akawapiga marufuku kuugusa ukumbi ule ila kwa kazi ya jioni. Haidhuru, kaseti walikuwa nayo. Ilikuwa moja tu, nakala hawakuwa wamepata kutoa.

Sasa msikilize fundi wangu mwenye akili. Alikuja nayo nyumbani, na ili mamake asiishuku akaiandika "Kasida" kwa wino wa kijani, akaichomeka mbele kabisa kwenye mkebe wa kasida za kweli, zilizoandikwa kwa wino huo huo. Mimi hakunambia.

Kesho yake jirani yetu Bi Khamisa alikuwa anasafiri kwenda Hija. Bi Harusi alikuwa amekwisha kurekodi barua yake ya siku zote, salamu na mguu. Akaniita.

"Mahfudha mwanangu, mtilie ndugu yako Gharib na kasida moja, apate kuburudika."

Nikaenda kwenye mkebe, nikatwaa iliyokuwa mbele, nikazishonea zote mbili katika kitambaa, nikampelekea Bi Khamisa. Nilijiona mke mwema kabisa.

Jumamosi Mahadhi, Tsuma na Kalama wakamfuata Dieter hotelini na kaseti ya wino wa kijani iliyokuwa mbele. Tsuma ndiye aliyenisimulia. Wakaitia kwenye redio, na wazee wakaanza kumswalia Mtume kwa sauti za taratibu. Mahadhi akaganda. Dieter akafumba macho, akatikisa kichwa polepole, akidhani ndio utangulizi. Alingoja dakika kumi na mbili ili gitaa liingie. Basi la kumpeleka uwanja wa ndege likapiga honi, akawapa mikono, akasema ni kazi yenye ujasiri mkubwa, akaondoka.

Mahadhi hakusema nami siku tatu. Ya nne akasema, ikawa afadhali angenyamaza. Nikamjibu mume mzima anayemdanganya mamake kwa wino wa kijani asinitafute mimi. Lakini nilipokuwa peke yangu jikoni nililia, kwa sababu nilimwona mkono wake wa kushoto unabana nyuzi juu ya paja na gitaa hana.

Hija ikamalizika. Bi Khamisa akarudi na zamzam, tende, na kaseti.

"Hii kaniletea Gharib mwenyewe," akasema. "Kaja mbio mpaka tulipofikia."

Bi Harusi alikaa chini pale pale. Mahadhi akatia kaseti redioni. Tsuma alikuwepo, amekuja kuchukua redio ya mjomba wake, akataka kutoka kwa adabu, Bi Harusi akamwashiria akae. Ikavuma kidogo, kisha ikaja sauti nzito.

"Mahadhi. Wimbo wa nne, dakika ya sita. Huyo mpiga ngoma wako umemtoa wapi? Saba yake haifiki. Anakwenda sita na nusu, halafu anaruka kama mtu aliyekanyaga kaa la moto."

Tsuma akainamisha kichwa. "Ni kweli," akasema. "Nilidhani hapana atakayejua."

Bi Harusi alimgeukia Mahadhi, na kwa yale macho nilidhani leo shoka litatafutwa. Lakini Gharib alikuwa bado anasema. Alisema upande mzima. Aliwakosoa wimbo kwa wimbo, akaimba kwa mdomo vile inavyotakiwa, taka taka ta, akaisifu sehemu moja, akailaani nyingine, na alipofika kwenye besi la Kalama akacheka mpaka akakohoa. Kisha upande ukaisha, kitufe cha redio kikafyatuka.

Hakumsalimia mamake. Hakuuliza mguu. Nilitamani kumtia Gharib kofi kutoka Malindi.

"Hakunitaja," alisema Bi Harusi.

"Mama, pengine alisahau," Mahadhi akasema.

"Hakusahau. Nilimvunjia kitu chake, nikampa ale." Alijifuta uso kwa ncha ya leso. "Rudisha nyuma."

Tulisikiliza tena, na mara ya tatu. Mara hiyo Bi Harusi alicheka Gharib alipocheka, ilhali habari ya besi hakuijua wala ya saba.

Kisha akamuuliza Tsuma, "Wewe, pale ulipokosea, ulikusudia?"

"La, mama. Niliteleza tu."

"Gitaa liko wapi?"

Mahadhi akanitazama mimi. "Dabaso," akasema.

"Lileteni. Mtapiga hapa hapa sebuleni, mrekodi, jirani Bwana Fondo anakwenda umra Makka mwezi ujao, ampelekee Gharib." Akasogeza mkeka wake karibu na redio kuwaachia nafasi. "Na wewe Tsuma, pale pa saba, usijirekebishe."